Wiki Sita Sita

Nilimchukia mtu mmoja kwa miaka tisa kabla sijapata nafasi ya kumfanyia lolote. Alikuwa karani mkuu wa mgodi wa dhahabu upande wa Geita, na mimi nilikuwa karani wake mdogo, wa kuandika majina ya watu wanaoingia shimoni na wanaotoka. Vita kuu ya pili ilikuwa inaelekea kwisha. Nilikuwa kijana niliyemaliza darasa la sita, nina viatu, na mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa.

Yeye alikuwa na mwandiko mzuri zaidi. Hilo siwezi kumnyima. Herufi zake zililala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, na alipokuwa anaandika hakuna aliyethubutu kumsemesha. Alivaa kaptula iliyopigwa pasi mpaka ikapata mstari, soksi ndefu, na kalamu mbili mfukoni. Alinifundisha kazi. Kwa miaka miwili nilimwita "mzee" na nilikuwa namwamkia "shikamoo" kila asubuhi kwa moyo wangu wote.

Siku moja mwamba uliporomoka katika shimo la pili, zamu ya asubuhi. Mtu mmoja alifia chini. Alikuwa Msumbwa wa Kagongwa, mtu wa utani mwingi, ambaye kila alipopita kwenye dirisha langu aliniita ngosha, yaani mwanamume, akaniambia, "Andika jina langu vizuri, ngosha, lisije likapotea." Nilikuwa nimeliandika asubuhi hiyo kwa mkono wangu.

Kabla ya saa sita mchana karani mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango. Daftari lilikuwa wazi mbele yake.

"Huyu alifukuzwa jana," akasema.

"Hapana, mzee. Leo ameingia. Nimemwandika mimi."

"Umekosea. Jana alifukuzwa, leo akajipenyeza shimoni bila ruhusa. Futa, uandike upya ukurasa mzima, kwa usafi."

Nilimtazama nikidhani ananipima. Hakuwa ananipima. Mbao za kushikilia mwamba katika shimo lile zilikuwa zimeoza, kila mtu alijua, na kama marehemu alikuwa kazini basi kuna mkubwa ambaye angeulizwa. Kama hakuwa kazini, hakuna wa kuulizwa.

"Siwezi," nikasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki, mzee."

Hakupandisha sauti. Alichukua karatasi mpya, akaandika ukurasa mwenyewe kwa ule mwandiko wake, jina baada ya jina, akaruka moja. Kisha akachana wangu. Jioni ile ile nilipewa barua ya kuachishwa kazi. Ilikuwa ya Kiingereza, mistari mitatu, imetiwa sahihi na bwana mkubwa ambaye sidhani aliisoma, lakini mwandiko ulikuwa wa karani mkuu. Mstari wa kwanza ulitaja tarehe. Wa pili ulitaja kazi. Wa tatu ulisema kwamba mimi ni mtu asiyeaminika na daftari.

Inafaa nieleze barua zilikuwa nini zamani hizo, maana vijana wa sasa wanadhani tuliajiriwa kwa kuonekana sura tu. Mtu wa kalamu alitembea na barua zake. Kila ulipoacha kazi, tajiri alikuandikia: kuanzia lini, mpaka lini, ulifanya nini, tabia yako ikoje. Ulipokwenda kuomba kwingine, yule mpya alizipanga mezani kwa mfuatano, akapitisha kidole kuona kama mwisho wa moja unagusana na mwanzo wa nyingine. Zilipoachana, kidole kilisimama. "Na hapa? Ulikuwa wapi?"

Mimi barua ile sikuweza kuionyesha, na nisipoionyesha miaka yangu miwili ya mgodini ilitoweka kama vile sikuishi. Niliichoma jikoni kwa mke wangu siku niliyorudi Shinyanga. Nilidhani nimemaliza.

Mahali pa kwanza nilipoomba kazi palikuwa ofisi ya misheni. Karani wa pale alipitisha kidole, kikasimama.

"Na hapa?"

"Nilikuwa nalima kwetu."

"Miaka miwili?"

"Baba alikuwa mgonjwa."

Baba yangu alikuwa mzima, na Jumapili iliyofuata akaja kanisani hapo hapo kwa miguu yake. Karani akamwuliza hali ya ugonjwa. Baba, mtu asiyejua uongo hata wa adabu, akasema tangu azaliwe hajalala kitandani mchana. Nilipokwenda kuchukua jibu sikuruhusiwa hata kuingia barazani.

Basi nikaanza maisha ya vipande. Nilifanya miezi mitatu na kikosi cha kufyeka mapori ya mbung'o, nikiandika majina ya wafyekaji. Pori lilipokwisha, kazi nayo ikaisha. Nikakaa bure miezi minne. Nikabeba minyororo ya wapima ardhi, wiki saba. Nikafundisha shule ya msingi mahali pa mwalimu aliyevunjika mguu, mpaka mguu wake ulipopona. Siku aliporudi akichechemea, wanafunzi walimpigia makofi, nami nilipiga pia. Nikafanya msimu mmoja katika jineri, kile kiwanda cha kuchambulia pamba, nikihesabu marobota. Kila mahali nilipewa barua nzuri, na kila barua nzuri ilinizidishia ubaya, kwa sababu zilikuwa nyingi na fupi. Nilifanana na mtu asiyekalika naye.

Baba mkwe wangu alikuwa na ng'ombe wengi na ulimi mkali. Alinipa jina: Wiki Sita. Akija kwetu alisimama uani akaita, "Wiki Sita yupo, au wiki zake zimekwisha?" Mke wangu alikuwa anaingia ndani asimsikie. Mimi nilikuwa nampigia baba mkwe magoti, naitika, na moyoni nilikuwa naona herufi zile zilizolala upande mmoja. Sikumchukia baba mkwe hata siku moja. Chuki yangu yote niliipeleka Geita. Nililala nayo, nikaamka nayo. Nikiwa natembea kilomita nyingi kwenda kuomba kazi, nilikuwa namtungia yule mtu hotuba. Nilikuwa namwona amepiga magoti, mara nyingine amelewa na kuchafuka, mara nyingine kipofu. Nilipenda zaidi ile ya upofu, kwa sababu asingeweza kuandika.

Aliyenitoa humo alikuwa meneja wa jineri ile ile, Mhindi mmoja mnene aliyekuwa anakunywa chai kwenye kisosi. Msimu wa pili nilipoomba tena, alipanga barua zangu mezani, akaona yale mapengo, akauliza kama wengine wote. Siku hiyo nilikuwa nimechoka. Niliona uongo mpya unahitaji nguvu nisizokuwa nazo.

"Nilikuwa karani mgodini, Geita," nikasema. "Mtu alikufa, wakataka nimfute daftarini. Nikakataa. Wakaniandikia barua mbaya. Nimeichoma."

Alikunywa chai yake.

"Hizi nyingine fupi?"

"Pori lilikwisha. Upimaji ulikwisha. Mwalimu alipona mguu."

Akacheka mpaka chai ikamwagika. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza jina la marehemu. Nikamtajia. Akauliza na jina la baba yake, na alitoka wapi. Nikamtajia vyote bila kusita. Akasema, "Kesho njoo saa moja." Nilikaa kwake miaka minne bila pengo hata la siku, na wakulima walipoanzisha chama chao cha kuuza pamba wakatafuta karani mkuu, yeye ndiye aliyewaandikia barua iliyonipeleka.

Ndivyo nilivyofika kwenye meza yangu mwenyewe mjini Shinyanga, na kiti chenye mikono. Na ndipo alipokuja.

Ilikuwa mwanzo wa msimu, tunatafuta makarani wa mizani wa vituo vya kununulia pamba. Watu walikuwa wamepanga mstari nje. Aliingia wa nane au wa tisa. Kaptula ile ile au ndugu yake, imefifia. Kalamu moja mfukoni. Nywele zilikuwa zimeingia mvi.

"Shikamoo, bwana karani," akasema. Mimi mdogo wake kwa miaka ishirini!

"Marahaba."

Hakunitambua. Hilo liliniuma kuliko barua yake. Nilikuwa nimembeba kichwani miaka tisa, na yeye hakuwa ameniweka hata kwenye mfuko wa shati. Alitoa barua zake. Ya mgodi ilikuwa ndefu, ya sifa tupu, miaka kumi na mitatu. Baada yake hapakuwa na kitu kwa karibu miaka miwili. Nikapitisha kidole taratibu. Nikakisimamisha. Nawaambia kweli, hata siku ya harusi yangu sikuwahi kuona raha ya namna ile.

"Na hapa? Ulikuwa wapi?"

Akatazama chini. "Alikuja bwana mkubwa mpya na watu wake, wakatuondoa sisi wa zamani. Halafu mke wangu akaugua. Nilikuwa namuuguza."

"Miaka miwili?"

"Karibu. Amefariki mwezi wa tatu."

Nilijua anasema kweli. Mtu aliyetoka kuuguza ana namna yake ya kukaa kitini, upande, kama anayesikiliza chumba cha pili. Nilijua, na sikumpa hata pole. Ningeweza kumfukuza pale pale. Kufukuzwa ni siku moja tu, nikaona haitoshi. Nikamwambia, "Nitakuandika kwa wiki sita."

Wiki sita zilipokwisha nikamwachisha, nikampa barua: kuanzia lini, mpaka lini, karani wa mizani. Basi. Siku nne baadaye nikamwita tena, wiki sita nyingine. Nikamwachisha tena, nikamwacha wiki mbili nzima. Nikamwita. Kila mara barua mpya, kila mara pengo dogo katikati. Kazi yake ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote niliyekuwa naye. Hesabu za kituo chake hazikuwahi kupishana. Sikuandika neno moja juu ya hilo. Nilitaka siku moja apange barua zake kwenye meza ya mtu mwingine, na yule mtu aone kile walichokiona kwangu. Nilifanya hivyo misimu miwili. Wakati wa masika, ambapo pamba haipo, nilimtafutia vibarua vya kuhesabu magunia ili nipate kumwachisha.

Mke wangu alikuwa wa kwanza kusema. Tulikuwa tunakula.

"Yule mzee unamla kidogo kidogo."

"Yeye alinimeza mzima."

"Na ukimmaliza utakula nini?"

 Nilimwambia aniongezee mboga.

Msimu wa pili ulipokuwa katikati, chama kilinituma Kagongwa kukagua ghala. Nilijua mjane wa yule marehemu anakaa huko. Nasema wazi kilichonipeleka kwake: nilikwenda kujisifu. Nilitaka mtu mmoja duniani ajue ninachomfanya yule karani na aseme vema. Nilimkuta anamenya karanga uani, mwanamke mrefu, mikono yake myekundu kwa udongo. Nikaamkia, nikajieleza mimi ni nani. Akanipa kigoda. Nikamsimulia yote, tangu daftari mpaka wiki sita sita. Nikangoja.

"Kumbe alikuwa kazini," akasema.

"Ndiyo, mama. Nilimwandika mwenyewe."

"Sisi tuliambiwa alifukuzwa kazi. Tukaambiwa aliingia shimoni kuiba dhahabu ya watu, ndiyo maana Mungu akamporomoshea mwamba." Aliendelea kumenya karanga. "Watoto wake wanaitwa watoto wa mwizi mpaka leo. Huyu binti yangu mkubwa posa yake ilirudi kwa neno hilo."

Niliokota ganda la karanga lililoanguka miguuni pangu.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote hii?"

"Nilikuwa natafuta kazi, mama."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema tu, "Ndiyo, kazi ni shida." Kisha akaacha karanga, akanitazama vizuri. "Huyo mtu yupo hai? Mkono wake unaandika?"

"Unaandika."

"Basi aandike."

Nilirudi Shinyanga na joto la aibu ambalo sikulizoea. Mimi niliyemweleza Mhindi jina la marehemu na la baba yake bila kusita, sikuwahi kutembea siku moja kwenda kulisema jina lile kwa watu wake. Nililitumia kupata kazi, nikaliacha pale. Nilipofika ofisini nilimwita yule karani, nikafunga mlango kama alivyofunga yeye.

"Unanijua mimi ni nani?" nikamwuliza.

"Nimekujua tangu wiki ya kwanza," akasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na njaa. Na niliona unachokifanya. Nikasema, acha afanye mpaka achoke."

"Sijachoka."

"Naona."

 Nje watu wa mizani walikuwa wanagombana juu ya gunia. Nikasukuma karatasi na wino mbele yake, nikamwambia anachotakiwa kuandika: siku ile, shimo lile, jina lile, na nani aliyemwagiza.

"Nikiandika," akasema, "utaniajiri moja kwa moja?"

"Hapana."

"Utaniandikia barua nzuri?"

"Hapana. Nikikuandikia nzuri leo watasema nimekununua, na maneno yako hayatakuwa na thamani."

Alifikiri juu ya hilo. Nadhani alikubali kwamba ni kweli, kwa sababu alikuwa mtu wa ofisi mpaka kwenye mifupa. Akauliza, "Mjane yupo?"

"Yupo. Watoto wake wanaitwa wa mwizi."

Kalamu yake ilianza kutembea. Aliandika kurasa tatu. Nilisimama nyuma yake nikaona herufi zile zinalala upande mmoja, na hasira ikanipanda kama siku ile ya kwanza, hata baada ya kuona zinaandika ukweli. Alimtaja bwana mkubwa wa wakati ule. Alijitaja yeye mwenyewe. Alinitaja mimi, akaandika kwamba nilikataa, na kwamba barua niliyopewa ilikuwa ya uongo na yeye ndiye aliyeitunga. Mwisho akatia sahihi, akapuliza wino ukauke.

Tulipeleka nakala moja bomani, kwa afisa wa mambo ya kazi. Jibu lilikuja baada ya miezi mingi: daftari za zamani za mgodi hazikupatikana, na yule bwana mkubwa alikwisha kurudi kwao Ulaya. Hakuna aliyelipa chochote wala kuulizwa. Nakala ya pili niliipeleka Kagongwa. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, aliita watu baada ya mnada, nikaisoma kwa sauti mwanzo mpaka mwisho, na nilipofika mahali pa jina la marehemu, mjane aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia tena. Nikasoma mara ya tatu. Wanaume wawili waliokuwa wamesimama nyuma waliondoka bila kuaga. Baadaye niliambiwa mmoja wao ni baba wa yule kijana aliyerudisha posa.

Karani wangu nilimwachisha mwisho wa msimu huo, na sikumwita tena. Meneja wa chama alishangaa. "Huyu ndiye mtu wetu bora wa mizani," akasema. Nikasema najua. Nilimpa barua ya mwisho, tarehe na kazi, na kwa mara ya kwanza nikaongeza mstari kwamba hesabu zake hazikuwahi kupishana, kwa kuwa ilikuwa kweli na nilikuwa nimeinyima nafasi mara tisa. Aliusoma mstari ule akiwa amesimama mlangoni. Hakushukuru, na nilimheshimu kwa hilo. Nilisikia amekwenda kwenye mgodi mdogo upande wa Rwamgasa, mahali ambapo mtu haulizwi barua, anaonyeshwa tu magunia. Huko ndiko alikofia, miaka michache baadaye, kwa homa.

Mke wangu aliniuliza kama nimemsamehe. Nilimwambia sijamsamehe, na sasa ni mzee na bado sijamsamehe. Siku ile baada ya kusoma ile karatasi, mjane alinifungia karanga kwenye kitambaa, akanishukuru kwa kusoma, hakunikaribisha ndani. Nilipata lori mpaka Isaka, nikangoja treni ya kurudi Shinyanga. Garini nilikaa dirishani nikila karanga zile, na kabla hatujapita stesheni ya pili nilijikuta namtungia yule karani hotuba tena, kali kuliko zote, midomo yangu inacheza peke yake, mpaka mama aliyekaa mbele yangu akahamisha kikapu chake.